Msaada wa Kisheria Unaopita na Unaokaa

Aliyeshindwa kesi ya madai katika Mahakama ya Mwanzo nchini Tanzania ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Ndani ya siku hizo anatakiwa kuomba nakala ya hukumu, kuifuatilia kwa karani, kumpata wa kumwandikia sababu za rufaa, kulipa ada na kuhakikisha nyaraka zimepokelewa. Mwenye fedha anayeishi mjini hulimaliza hilo kwa wiki moja na simu mbili tatu. Mjane wa kijijini, ambaye nauli ya kwenda na kurudi mahakamani ni akiba yake ya mwezi, aghalabu hufikisha siku ya thelathini kabla hajaambiwa na yeyote kwamba hukumu aliyosomewa inaweza kupingwa.

Ndiyo maana naona tunaupima vibaya msaada wa kisheria tunapohesabu mawakili waliojitolea, semina zilizofanyika na vipeperushi vilivyogawiwa. Kinachoamua ni nani aliye karibu na yule mama siku ya tatu baada ya hukumu, anayejua kwamba muda unakatika. Kwa kipimo hicho, Tanzania ina mtandao ambao nchi nyingi zingeutamani. Ina pia udhaifu mmoja ambao imeukwepa kwa zaidi ya miaka 30: mtu aliye karibu na yule mama hajawekewa namna ya kuishi.

Mashirika ya msaada wa kisheria hayakuanzia vijijini. La mwanzo ninalolifahamu lilizaliwa chuoni mwaka 1967, pale Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha Kamati ya Msaada wa Kisheria, wahadhiri wakawapokea wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Miaka 20 ikapita bila mengi kuongezeka. Serikali ilikuwa na sheria ya mwaka 1969 ya kuwapa mawakili washtakiwa wa jinai wasiojiweza, lakini kivitendo waliofaidika walikuwa hasa wale wa kesi za mauaji na uhaini, zinazosikilizwa Mahakama Kuu. Mwizi wa ng'ombe aliyekabiliwa na kifungo kirefu katika Mahakama ya Wilaya alijitetea mwenyewe. Na katika Mahakama ya Mwanzo, inayopokea kesi nyingi kuliko nyingine zote, wakili hakuruhusiwa kuingia kabisa hadi marekebisho ya mwaka 2021 yalipofungua mlango pale ambapo hakimu anayesikiliza shauri ni hakimu mkazi.

Wimbi lenyewe lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, na halikuja kwa bahati. Haki za msingi zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Uchumi ulikuwa unafunguliwa, ardhi ikaanza kuwa na bei, na wenye nguvu wakaanza kuitafuta. Mwaka 1989 wanasheria wanawake wakaunda chama chao, TAWLA. Mwaka huohuo, chini ya shirika la wanawake la SUWATA, ikaanza huduma ya sheria kwa wanawake ambayo baadaye ikawa Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC. Zanzibar ikapata Kituo cha Huduma za Sheria mwaka 1992, Profesa Haroub Othman akiwa mmoja wa waasisi wake. HakiArdhi ikafuata mwaka 1994, Profesa Issa Shivji akiwa mstari wa mbele, na mwaka 1995 kikasajiliwa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, ambacho Helen Kijo-Bisimba alikiongoza kwa zaidi ya miaka 20.

Waanzilishi hao waligundua mapema kwamba ofisi ya Dar es Salaam haiwezi kumfikia mtu wa Ngara wala Nachingwea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kuwafundisha wananchi wa kawaida: walimu, wakulima, wastaafu, viongozi wa vikundi vya akina mama. Waliwafundisha ndoa, mirathi, ardhi, matunzo ya watoto na taratibu za mahakama, wakawarudisha makwao. Hao ndio wasaidizi wa kisheria. Sifa zote yanazopewa mashirika ya mjini, kwa sehemu kubwa, zimebebwa na mabega yao.

Chukua jambo moja tu wanalokutana nalo kila mara, mirathi. Mume amefariki. Baada ya arobaini, ndugu wa marehemu wameitisha kikao cha ukoo, wameandika muhtasari, wamempendekeza kaka wa marehemu awe msimamizi, na Mahakama ya Mwanzo imempitisha. Mjane alikuwepo kikaoni na alisaini. Miezi sita baadaye shemeji anauza shamba la bondeni, na mjane akiuliza anaonyeshwa barua yenye mhuri wa mahakama. Anaamini mali yote sasa ni ya shemeji, kwa kuwa mahakama imesema.

Anafika kwa msaidizi wa kisheria na mfuko wa nailoni. Ndani yake mna cheti cha kifo, cheti cha ndoa au barua ya kanisa, kadi za kliniki za watoto, karatasi ya mauziano ya shamba iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na nakala ya muhtasari wa kikao. Msaidizi anazipanga mezani kwa tarehe. Kisha anamweleza lile ambalo hakuna aliyemweleza: msimamizi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, kisha kurudi mahakamani na Fomu Na. 5 inayoorodhesha mali na Fomu Na. 6 inayoonyesha namna ilivyogawanywa. Asipofanya hivyo, mrithi yeyote ana haki ya kuiomba mahakama imwite ajieleze, na hata imwondoe. Msaidizi anaandika barua ya ukurasa mmoja kwa hakimu, anamsomea mjane hadi aielewe, anamwambia apeleke nakala mbili na arudi na moja iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Barua hiyo ndiyo msaada wa kisheria. Hakuna joho ndani yake wala hoja ya kikatiba. Lakini asiyejua kwamba inaweza kuandikwa hupoteza shamba. Msaidizi huyohuyo ndiye atakayejua kwamba kabla ya kudai talaka ni lazima kwanza kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa na kupata hati kwamba suluhu imeshindikana, na kwamba tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Anayepeleka shauri mahali pasipo pake hupoteza miezi, na kwa maskini miezi ni shamba lililokwisha kupandwa na mtu mwingine.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba barua inatosha kila mahali. Yapo matatizo ambayo msaidizi hodari kuliko wote hawezi kuyafuta, kwa sababu yamo ndani ya sheria yenyewe. Hapa kesi ya wajane wawili wa Shinyanga ina mengi ya kutufundisha kuliko ripoti yoyote ya mwaka.

Waume zao walipofariki, wakwe waliwaondoa kwenye nyumba walizokuwa wameishi pamoja na watoto wao wadogo. Waliegemea sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 na ambazo mahakama bado zilizitumia. Kwa sheria hizo mjane hana fungu katika mali ya mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na binti ni wa daraja la mwisho katika kurithi. WLAC iliwasimamia. Walikwenda Mahakama Kuu wakiomba sheria hizo zitamkwe kuwa zinavunja Katiba. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba zinawabagua wanawake, kisha ikakataa kuzifuta, kwa hofu ya kufungua mlango wa kupingwa kwa mila za makabila yote. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaiondoa rufaa yao kwa dosari ya kiufundi katika nyaraka, bila kugusa kiini cha malalamiko. Wajane wakaambiwa, kwa maneno mengine, kwamba walikuwa wamedhulumiwa na kwamba hakuna wa kufanya lolote.

Malalamiko yao yakapelekwa mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati hiyo iliamua kwamba Tanzania imekiuka mkataba, ikataka wajane walipwe fidia na sheria hizo za mila zirekebishwe. Karibu miaka kumi ilikuwa imepita tangu hukumu ya kwanza. Watoto waliotolewa nyumbani wakiwa wadogo walikuwa wameshakua.

Fikiria gharama ya kuwasimamia watu wawili kwa muda wote huo: mawakili, nauli, uandishi wa nyaraka, uvumilivu wa ofisi ambayo ina foleni ya wengine mlangoni kila asubuhi. Hakuna mjane anayeweza, na hakuna wakili mmoja wa kujitolea anayeweza. Ni taasisi tu, yenye mafaili, kumbukumbu na watu wanaopokezana. Hapo ndipo mashirika haya yana thamani isiyo na mbadala, na ndiyo sababu nayatetea hata pale ninapoona kasoro zao. Kesi ya umri wa ndoa aliyoifungua mwanaharakati Rebeca Gyumi inasema hivyohivyo. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaithibitisha mwaka 2019. Ushindi mahakamani hauondoi kazi ya kumfikia baba aliyekwisha kupokea mahari, lakini unampa msaidizi wa kisheria wa kijijini maneno ya kumwambia.

Kesi kubwa zinamhitaji msaidizi, na msaidizi anazihitaji kesi kubwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu cha ziada, kwani mahakama iliona fungu lake alikwisha kulipata na kulitumia. Lakini kanuni ile ilibaki. Leo hii, miaka 40 na ushei baadaye, mwanamke anayeelezwa na msaidizi kwamba kupika, kulea na kulima kwake kuna uzito mbele ya hakimu anafaidi hukumu ambayo hajawahi kuisikia jina.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilikuwa hatua kubwa, na ni haki kusema hivyo. Kwa mara ya kwanza msaidizi wa kisheria alitambuliwa kwa jina. Akawekewa mafunzo na usajili, akapewa msajili katika wizara inayoshughulikia katiba na sheria na wasajili wasaidizi katika mikoa na wilaya. Mahakama ikapewa uwezo wa kuagiza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada, na polisi na magereza wakatakiwa kuwawekea mahabusu na wafungwa utaratibu wa kuufikia. Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2018.

Sheria hiyohiyo ilimzuia msaidizi kusimama mahakamani kama wakili na kumtoza ada anayemsaidia. Yote mawili yana mantiki. Tumeshawaona vishoka wanaozunguka kwenye viwanja vya mahakama wakiwauzia watu barua zisizo na maana. Lakini umemkataza mtu kulipwa na anayemhudumia bila kusema nani atamlipa. Msaidizi anapanda bodaboda kwenda kata ya pili kusuluhisha mgogoro wa mpaka, ananunua karatasi, anaweka vocha, na jioni anarudi nyumbani ambako shamba lake halijapaliliwa. Mwaka wa kwanza hufanya kwa moyo. Mwaka wa tano huwa amechoka, na akiacha, mafunzo yote aliyopewa yanaondoka naye.

Pengo hilo limezibwa na wafadhili. Mfuko wa LSF, ulioanzishwa mwaka 2011 kwa fedha zilizotoka hasa Denmark na baadaye Umoja wa Ulaya, ndio uliowezesha mashirika ya wasaidizi wa kisheria kusambaa katika wilaya za Bara na Visiwani. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini fedha ya mradi ina tarehe ya mwisho, na serikali za Ulaya zikibadili vipaumbele, anayefunga ofisi ni mama wa Kilosa ambaye hajawahi kuulizwa. Kuna pia madhara ya kimyakimya: ofisi inayoishi kwa mradi hujifunza kuandika takwimu zinazompendeza mfadhili, na mgogoro mmoja wa ardhi uliosumbua miaka mitatu huhesabiwa sawa na ushauri wa dakika kumi.

Serikali nayo imeingia uwanjani kwa nguvu kupitia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023. Wanasheria wa serikali, mawakili, maofisa ustawi wa jamii na wasaidizi wa kisheria huweka kambi mkoa baada ya mkoa, wakisikiliza watu viwanjani na sokoni bila malipo. Wapo wanaoidharau kwa kuwa imebeba jina la Rais. Sikubaliani nao. Mtu aliyenyimwa urithi hajali kampeni inaitwaje, na mkusanyiko wa wanasheria, ofisi ya ardhi na ustawi wa jamii mahali pamoja humaliza kwa siku moja jambo ambalo lingemzungusha mtu mwaka mzima. Mistari mirefu kwenye mahema hayo inaonyesha kiu iliyokuwepo.

Wasiwasi wangu ni siku ya kukunja mahema. Mjane wetu ameelezwa, ameandikiwa barua, ameipeleka. Baada ya wiki mbili shemeji anaitwa, anakuja na wakili, shauri linaahirishwa, linaahirishwa tena. Timu iko mkoa mwingine. Mgogoro wa sheria ni safari ya miezi na miaka yenye vituo vingi, na mwenye kuhitaji msaada anauhitaji katika kila kituo. Kampeni inafungua mafaili, na atakayeyafuatilia kwa miezi inayofuata ni yule msaidizi asiye na posho.

Upande wa jinai hali ni ngumu zaidi. Mahabusu anayesikia kila baada ya siku 14 kwamba upelelezi haujakamilika hana wa kumwuliza. Mfungwa anayetaka kukata rufaa Mahakama Kuu kutoka Mahakama ya Wilaya anatakiwa atoe taarifa ndani ya siku 10 na alete sababu ndani ya siku 45, akiwa ndani ya kuta, mara nyingi akitegemea mfungwa mwenzake anayejua kuandika. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za mfungwa wa miaka 30 kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha. Utetezi wake ulikuwa umefungwa akiwa hayupo kwa ugonjwa, na hakupewa wakili katika shauri zito kiasi hicho. Mahakama ilisema msaada huo ulipaswa kutolewa hata kama hakuuomba. Aliyemsimamia bila malipo alikuwa Umoja wa Mawakili wa Afrika, PALU. Miaka miwili baadaye ikaja sheria mpya ya msaada wa kisheria. Lakini Novemba 2019 Tanzania ilijiondoa katika tamko linalowaruhusu watu binafsi na mashirika kufika mbele ya mahakama ile moja kwa moja. Na mwaka 2020 sheria ikarekebishwa ili anayefungua shauri la haki za msingi aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Wajane wa Shinyanga wangeweza kuapa hivyo. Shirika lililotaka kuwasemea wafugaji waliotawanyika na kuogopa halikuweza. Mkono mmoja umetoa na mwingine umechukua, na mashirika haya sharti yaruhusiwe kuishtaki hata serikali inayoyasajili. Vinginevyo yatabaki kusuluhisha ugomvi wa maskini kwa maskini tu.

Kenya inatupa mfano wa kuazima. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1973, kimewafundisha wafungwa wenyewe kuwa wasaidizi wa kisheria katika magereza kama Kamiti na Shimo la Tewa. Hao hawasafiri kwenda popote. Wapo bwenini usiku mwenzao anapopata karatasi asiyoielewa, na wanamwandikia rufaa kabla muda haujapita. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka mshtakiwa apewe wakili na serikali iwapo kukosa kwake kutaleta dhuluma kubwa, na sheria ya 2016 iliunda chombo cha kitaifa cha kuisimamia huduma hiyo. Bajeti yake haijawahi kulingana na ahadi. Walioziba nafasi, kwa mara nyingine, ni watu walio karibu.

Kwa hiyo mjadala wa fedha hauepukiki, na hauhitaji mabilioni. Tayari halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tayari serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikikubali kwamba anayepita nyumba kwa nyumba kupima watoto hawezi kuishi kwa kujitolea milele. Msaidizi wa kisheria anastahili fungu la namna hiyohiyo: posho ya mwezi kutoka bajeti ya halmashauri, chumba katika ofisi ya kata, na shajala ya karatasi na wino. Fungu hilo liwekwe kwa kanuni ambayo mkurugenzi hawezi kuifuta kwa sababu msaidizi aliwasaidia wanakijiji kumpinga kuhusu ardhi. Mashirika ya mjini yabaki na kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya, ya kuzipokea kesi zinazoshindikana huko chini na kuzipeleka hadi Mahakama ya Rufani. Na kampeni ikifika mkoani, kila faili linalofunguliwa lisajiliwe kwa jina la msaidizi wa kata husika, ili timu ikiondoka mjane ajue kesho yake aende kumgongea nani.